Mkeka Uliotundikwa Mgongo Nje

Kijiji kizima cha Miteja kinajua kwamba mkeka wa Moza hauna kasoro, na Moza ni mimi. Ndiyo maana nilipoingia katika jumba la sanaa la Dar es Salaam na kuukuta mkeka wangu umetundikwa ukutani, damu ilinichemka. Wangeutundika vizuri, ningenyamaza. Lakini walikuwa wameutundika mgongo nje, na chini yake kibao chenye jina langu kamili.

Mgongo wa mkeka ndiko msukaji anakoficha aibu zake, zile ncha za ukindu, majani tunayosukia, na nyuzi za kushonea. Na huu ulikuwa na aibu kubwa zaidi. Karibu na ukingo, ukili mmoja, ule mkanda mwembamba uliosukwa, ulikuwa umejaa mafundo matupu. Anayejua kusuka hafungi fundo. Ukindu ukiisha, huchomeka mwingine juu yake akaendelea. Sasa watu wa mjini wamesimama pale, mikono nyuma, wanayatazama mafundo na kusoma jina langu!

Sikumngoja mtu. Nikavua ndala, nikapanda juu ya benchi, nikaanza kuufungua niugeuze. Mlinzi akaja mbio.

"Mama, hairuhusiwi kugusa!"

"Nimeusuka mwenyewe, nisiuguse kwa nini?"

Kelele zikamleta binti yangu Saida, msanii, aliyeuomba mkeka huo nikidhani anataka wa kulalia.

"Shikamoo, mama. Shuka kwanza."

"Marahaba. Umenivua nguo mbele za watu, Saida."

"Nimeugeuza makusudi. Mficha uchi hazai, mama."

"Mimi nimeshazaa, tena nimekuzaa wewe!"

Watu wakaangua kicheko, hata mlinzi. Saida akanishika mkono, akaupeleka kwenye yale mafundo.

"Haya ni yangu. Nilikuwa na miaka saba. Ulikwenda kisimani, nikakaa nikasuka. Uliporudi hukuyafumua. Ukaushona ukili wangu pamoja na wako."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile nilimkuta amejaa furaha, vipande vya ukindu hadi kwenye nywele, nikashindwa kuyakata mafundo yake. Machozi yakanitoka, nami bado nipo juu ya benchi, miguu peku.

Mzee mmoja mwenye miwani akasogea, akauliza nani aliyefunga mafundo yale mabaya.

Saida akafungua kinywa kujibu. Nikamuwahi.

"Ni yetu, baba," nikasema. "Hapo tulisuka wawili."