Chai ya Tumboni kwa Mzee Majid

Mi nacheka kila kitu katika Bujumbura hii. Nacheka foleni ya mafuta, nacheka umeme ukikatika, nacheka hata kiatu changu kikifungua mdomo njiani. Lakini mgonjwa simcheki. Uliza mtaa mzima wa Bwiza.

Mzee Majid alikuwa fundi wa mabirika ya shaba, kazi aliyoachiwa na baba yake. Hakuna birika lililotoka dukani kwake kabla yeye mwenyewe hajachemsha maji ndani yake na kunywa kikombe cha kwanza. "Likidhuru, linidhuru mimi," alisema, "mteja ana watoto." Amekunywa hivyo miaka arobaini.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikaa mlangoni juani na birika la chai iliyopoa, akaliegemeza tumboni apumzishe mkono. Baada ya dakika tano kifuniko kikaanza kucheza na mvuke ukatoka. Binti yake Nawal akaleta vikombe.

"Baba, sukari mbili?"

"Moja."

Siku hizo makaa yalikuwa ya shida, kwa hiyo kufika Alhamisi majirani walikuwa wamepanga foleni na maziwa ya watoto. Mama mmoja alileta maharage, akarudishwa, kwa sababu maharage yanataka masaa matatu na Mzee lazima aende kuswali. Mi ndiye niliyesimamia foleni. "Mukae kwa mustari! Mbabula ni moja!" nilipiga kelele, kana kwamba Mzee ni jiko la makaa. Nikamuuliza Mzee kama huko chini ana nafasi ya kuchoma mahindi. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, mkono ukiwa ubavuni. Sikujua kama anaumwa, hilo lieleweke.

Esperance, daktari mwanafunzi kutoka Uvira aliyepanga chumba nyumba ya tatu, alikuja na sufuria yake. Hakuiweka. Aliweka kiganja tumboni kwa Mzee.

"Papa Majid, ukienda chooni unaona damu?"

Foleni nzima ikaangalia angani. Mzee wa heshima haulizwi neno hilo mbele ya maziwa ya watu. Mzee Majid aliangalia kiatu chake.

"Naona," alisema.

Hospitali wakasema ni kansa ya utumbo mpana. Jioni Esperance akaeleza pale dukani. Huko kwenye maabara za mbali, alisema, watu wanatengeneza chembe za shaba ndogo mno, hata elfu moja zikipangwa hazivuki unene wa unywele mmoja. Zinatiwa kwenye uvimbe, zinamulikwa, shaba inameza mwanga na kutoa joto, uvimbe unaungua na nyama nzima inabaki.

"Lakini bado wanajaribu kwa panya," alisema. "Na sijasoma popote kama shaba ya kunywa kwenye birika inaenda yenyewe mpaka kwenye uvimbe."

"Hii tumekaa pamoja miaka arobaini," Mzee alijibu. "Inanijua."

Basi akawa anakaa juani kila asubuhi. Mawingu yakitanda, majirani waliopasha maziwa walikuja kummulika na tochi za simu, kila mmoja nusu saa. Esperance akawauliza kama kati yao kuna mwingine anayeona damu. Wote wakaangalia angani tena.

Wiki ya tatu birika lilichukua dakika ishirini. Mwezi wa pili likawa vuguvugu tu, na watu wakarudi kwenye makaa yao bila kinyongo. Siku lilipobaki baridi, Esperance akampeleka Mzee kupigwa picha. Kwenye utumbo uvimbe haukuwepo, palikuwa na majivu kidogo. Kwenye ini palikuwa na uvimbe mwingine sehemu tatu. Shaba haikuwahi kufika huko.

"Tungeuwahi mwaka jana," Esperance alisema tuliporudi dukani, "tungekata ule mmoja na maneno yangeisha."

"Mwaka jana nani angejua?" nikasema. "Mzee alificha. Hakumwambia mutu."

Nawal alikuwa anasugua birika la mteja kwa majivu na ndimu. Hakuinua kichwa.

"Alikwambia we."

"Mi?"

"Ramadhani ya mwaka jana, hapa mlangoni. Mi nilikuwa nyuma ya pazia. Alikwambia anaona damu. Akakuuliza kama unajua dokta asiye na maneno mengi. Ukamwambia apunguze pilipili kwenye sambusa. Ukacheka mpaka ukashika ukuta."

Nikaanza kupanga vikombe.

"Muache," Mzee Majid alisema taratibu. "Nilimchagua yeye kwa sababu hata angesema, hakuna anayemuamini. Na hata mimi nilicheka. Ulikuwa mzaha mzuri."

Akaliegemeza birika lake la chai tumboni kwa mazoea, akangoja kidogo, kisha akanimiminia. Chai ilikuwa baridi kabisa. Nikainywa yote.