Kando ya Mashine ya Mzee Jama

Mimi kiziwi? Ati mimi, Natabo, niliyesagia mji huu wa Isiolo mahindi tangu Ekeno wangu akiwa mgongoni mpaka sasa anavaa suruali ndefu? Acheni niwaambie vile Robow alinitafuta, na vile alinipata.

Mwaka ule wa themanini na tatu, Mzee Jama, mwenye mashine ya kusaga pale mtaa wa Bulapesa, alikuwa anasumbuliwa na mguu. Akamleta mpwa wake Robow amsaidie. Robow alikuja na redio ya mkononi na maneno mengi. Siku ya kwanza tu aliziona funguo za mashine nilizozifunga kwenye pindo la leso yangu, akaniuliza nitazitoa lini. Nikamwambia atafute kazi ya kufanya.

Nafasi aliipata nyumbani kwa Mzee. Nilienda kuomba dizeli, nikaingia sebuleni. Kimya kabisa, hata kuku hakuna. Mzee alikuwa amejilaza kwenye mkeka nyuma yangu, akanisalimia kwa ile sauti yake ya chini. Sikumjibu. Haki ya Mungu sikumsikia, nilikuwa nimempa mgongo, na mambo ya sauti ndogo ndani ya kimya masikio yangu yaliyaacha zamani. Lakini huku kwetu, kunyamazia salamu ya mzee ni kumtukana.

Robow akaruka pale mlangoni. "Mjomba, umeona? Si nilikwambia! Mashine imemaliza masikio yake. Siku moja nguo ya mtu itashikwa na mkanda, mtu apige mayowe, na huyu aendelee kusaga tu. Polisi watakuja kwako wewe."

Mzee alinitazama vile mtu anatazama mbuzi wake mzuri aliyeanza kuumwa. Hapo ndipo niliogopa. Ile mashine ndiyo iliyonilisha tangu baba Ekeno azikwe, na sikuwa na pengine pa kwenda. Nililia njia nzima, siwafichi, lakini kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri wakaniita. Mkekani walikuwa Mzee, Robow, na Hirsi, shemeji ya Robow, mwanamume mpole asiye na kazi. Mimi nilienda na Sahro, mama mwenye hoteli jirani na mashine, maana ukienda peke yako kwa kesi kama hiyo umeshashindwa. Robow alisema mashtaka yake pole pole, kichwa chini, mkono kwenye mdomo. Alifanya makusudi, nyoka yule! Mengine niliyakosa, na kila nikiuliza "Umesema nini?" anamgeukia mjomba wake na kutabasamu.

"Mama Ekeno," Mzee akasema mwishowe, "toa funguo. Usinichukie."

Nikasimama. "Sitoi!"

Sahro akanivuta leso. Nikamtoa mkono.

"Sitoi, Mzee, na unisamehe kwa sauti hii. Umewahi kuniona nikisaga mahindi kwenye mkeka? Kazi yangu iko kwa kelele. Kama ni kunipima, nipimeni kwa kelele. Nikishindwa huko, nitakuwekea funguo mkononi mimi mwenyewe na hutaniona tena."

Mzee akachukua fimbo yake. Tukaenda.

Sasa, mtu wa Isiolo akiwa na jambo la siri, haendi nalo porini. Anakuja nalo kwa mashine. Anasimama kando ya injini, mahali ukuta unatetemeka, anamwambia mwenzake sikioni, na anaamini hakuna mwingine aliyesikia. Mimi nilikuwa hapo hapo na debe langu, kila siku. Mwanzo nilisikia ngurumo tu. Baadaye injini ikawa kama jirani unayemjua, unajua atakohoa lini, na sauti ya mtu inapita katikati. Nilijifunza kutazama midomo, mashavu, hata shingo. Kisomali nilikijulia hapo hapo.

Niliwasha. Mashine ikanguruma, vumbi la unga likapanda. Mzee alisimama kule kwa magunia, akafungua mdomo kwa sauti yake ile ile ya sebuleni. Hirsi alitega sikio, akatikisa kichwa.

"Aleikum salaam, Mzee!" nikajibu. "Mguu je?"

Mzee akacheka. Mimi nikashusha pumzi, maana deni la ile salamu lilikuwa linaniuma.

"Amebahatisha!" Robow akapiga kelele. "Salamu nani haijui?" Akamshika Hirsi mkono, akamvuta kando ya injini, akamsemesha sikioni kwa Kisomali.

Nikavuta chuma cha kuzimia. Kimya kikaingia.

"Mzee, Robow amemwambia Hirsi hivi: Usiogope, funguo utapewa wewe. Huyu mwanamke akitoka tu, hii mashine tutaiuza Meru, na mzee na mguu wake atajua ikishaenda."

"Mwongo!" Robow akafoka. "Muulizeni Hirsi!"

Hirsi aliangalia viatu vyake. "Wallahi, Mzee," akasema, "ndivyo alivyosema."

Nilidhani Mzee atamgeukia Robow. Wapi! Aliigeukia injini, akaitazama kwa muda.

"Natabo. Miaka yote hii nimesimama hapa na marafiki zangu nikiongea..."

"Ndiyo, Mzee."

"Hata ile habari ya kule Garba Tula?"

"Hata ile ya Garba Tula."

"Uwii!" Sahro akajishika mdomo. "Na yangu?"

"Na yako, mama."

Mzee akanisogelea. "Umemwambia nani?"

"Umewahi kuisikia kwa mtu?"

Alifikiri kweli kweli. "Sijawahi."

"Basi. Na hutaisikia. Leo nimesema kwa sababu nilitukanwa, na kwa sababu unaibiwa."

Mzee akanyoosha mkono wake kwenye leso yangu. Nikajua sasa anazichukua funguo. Akagusa tu lile fundo.

"Limelegea," akasema. "Kaza vizuri, funguo zisianguke."

Nikakaza. Halafu nikawasha mashine, maana wamama walikuwa wameshapanga madebe yao nje. Robow alikuwa anatoka na redio yake. Pale mlangoni akanong'ona neno moja chafu.

"Hilo pia nimelisikia!" nikamwambia, nikamwaga debe la kwanza.