Mbwa Asiyezoea Mgeni

Tangu wezi wasombe vitambaa vyake vyote bila kuvunja kitasa, fundi cherehani yule mjane hakupata usingizi.

Mfuga mbwa alimwonyesha wawili wa aina adimu: jibwa lenye manyoya kama dekio, na kijibwa kisicho na unywele, utadhani kuku aliyenyonyolewa.

“Chukua hili, shemeji,” mdogo wa marehemu mumewe alimhimiza. “Hicho kitamtisha nani?”

“Kweli,” mfugaji aliunga mkono. “Hili halimsogelei mtu mpaka amelilisha wiki nzima.”

Jibwa likamwendea yule mdogo wa marehemu mbio, likamlamba vidole huku likitikisa mkia.

Fundi akageuka. Kijibwa kilikuwa kikimkenulia shemejiye meno.

“Nipe hiki kidogo,” alisema. “Na wewe, shemeji, nirudishie ufunguo wangu.”