Pale Baridi Inapogeuka

"Sabini na moja chini ya sifuri," fundi redio alisema.

Tulikuwa watatu chumbani: yeye na vile vitu vyake vya kusikilizia masikioni, mkuu wa kituo cha hali ya hewa akiwa amesimama mikono nyuma, na mimi mlangoni, bado nimevaa aproni ya pamba ya banda la gesi. Puto nililolijaza asubuhi ile lilikuwa limeshapita mawingu. Lilining'iniza kisanduku cha vipimo, na kila baada ya muda kisanduku kilituma habari: huku ni baridi, huku ni baridi zaidi.

Siku hizi mjukuu wangu anachora anga kwa rangi, tabaka juu ya tabaka kama magodoro yaliyopangwa dukani. Juzi aliniuliza kama kule juu kuna mistari kweli. Nikamwambia mstari haupo, ila mpaka upo. Nimewahi kuusubiri nimesimama.

Tabaka la chini ndilo letu. Mvua zimo humo, upepo, kunguru, moshi wa majiko. Humo kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kuganda. Ukifika dari lake mambo yanageuka: tabaka la pili lina hewa inayoukamata ukali wa jua, basi joto linaanza kurudi, kidogo kidogo.

Maputo yetu yalikuwa yanapasuka kabla ya dari. Yalikaa sana ghalani, mpira ukakakamaa, na baridi ya kule iliuvunja kama ganda la yai. Wakubwa wakatuma neno: la safari hii lisipovuka, banda lifungwe. Waliosoma wangepelekwa vituo vingine. Mimi niliyeishia darasa la tatu, mjane mwenye watoto wawili na mama mkwe ndani, ningepelekwa wapi?

Mpira ule hulainishwa kwanza kwa joto, kwenye kabati la umeme. Wiki ile kabati liliungua, na jua nalo lilikataa kutoka. Kuwasha moto karibu na gesi ile ni kujichimbia kaburi. Basi alfajiri nikaliviringisha puto ndani ya mfuko wake, nikalibeba mgongoni kama mtoto lipate joto la mwili, nikalifunga kwa shuka, nikafagia nalo kituo kizima.

Fundi redio aliponiona alicheka mpaka akaketi.

"Hongera, shoga! Baba yake nani?"

"Muulize mkuu."

Kumbe mkuu yuko nyuma yetu. Akakohoa. "Mtikise polepole," akasema, "huyo si wa kucheulishwa." Akapita zake.

Na sasa tulikuwa hapo, sote watatu, tukimsikiliza mtoto wangu wa mpira.

"Sabini na sita."

"Yale mengine yalipasukia wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Sabini na nane," mkuu alijibu bila kugeuka.

Sabini na nane ikaja, ikapita. Halafu themanini. Halafu kimya. Fundi redio akabana masikio kwa viganja vyote viwili. Nikawaza nitakachomwambia mama mkwe. Yeye habari za matabaka hakuwa nazo. Alijua unga upo au haupo.

"Limepasuka?" mkuu aliuliza.

"Ngoja, baba." Akangoja na yeye. "Themanini."

"Umeshasema."

"Nasema tena. Ni ileile. Haishuki."

Mkuu akavuta kiti lakini hakukikalia.

"Sabini na tisa," fundi redio alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Sabini na saba. Shoga, linaota jua."

Hatukupiga vigelegele. Mkuu alikaa, akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

"Kwa hiyo banda halifungwi?" nikauliza.

"Hilo wataamua wakubwa. Mimi nitawapelekea namba hizi, wazifunge hizo kwanza." Akavaa miwani yake. "Kesho fika mapema."

Nilifika mapema, kesho ile na nyingine nyingi, mpaka wanangu wote wawili wakamaliza shule. Lakini siku ile nilirudi kwanza bandani kukaza koki za mitungi. Nikaketi sakafuni kwanza, nikaihesabu mmoja mmoja, maana koki ya gesi haitaki papara.