Marashi Kwenye Breki

Taa nyekundu ya breki ilikuwa imewaka siku tatu. Asubuhi hii Lubna alipowasha gari kuukuu la mumewe, Mahdi, aliikuta imezimika yenyewe. Alhamdulillahi, akasema, wakatoka Kililana kwenda Mokowe kumchanjisha mwanawe, Maram. Mavyaa yake, Bi Radhiya mama yake Mahdi, alikaa nyuma na mtoto mapajani.

Mbuzi wakakata njia. Lubna akakanyaga breki, na gari likajaa harufu ya marashi ya mawaridi, yale anayonyunyiziwa maiti kabla ya kufungwa sanda.

"Umejipaka marashi, mama?"

"Mimi? Hata udi sijafukiza!"

Maram akakodolea macho sakafu ya gari kama anayeitwa.

Mbele kidogo Lubna akakanyaga tena. Pedali ikazama laini, kama kwamba kuna mkono chini unaivuta. Gari halikusimama. Akavuta handbreki kwa nguvu zake zote, likaseleleka hadi kwenye mchanga wa kando.

Alikagua kama Mahdi alivyomfundisha kabla ya kwenda Kiunga. Handbreki ikiwa juu, taa iliwaka. Basi balbu ni nzima. Akafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya breki kilijaa pomoni, rangi ya zafarani. Akanusa: marashi yale yale.

"Mama, humu mna nini?"

Bi Radhiya akatazama pembeni. "Kombe, mwanangu. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika Ayatul Kursiyu kwa zafarani, nikaisuuza kwa marashi. Gari lina mtu hili, lina jini. Na taa si ilizimika?"

"Taa ilikuwa ikituambia mafuta yanavuja, mama. Ulipojaza maji ikanyamaza, breki zikafa." Akalainisha sauti. "Kombe ni la kunywa mtu, si gari."

"Lakini nilitia kikombe kimoja cha kahawa! Kikopo hakikufika hata nusu."

Lubna akakitazama tena kile kikopo. Gurudumu la nyuma lilikuwa likidondosha mafuta, tone baada ya tone, na kikopo kimejaa vile vile.

Pikapu ya jirani yao Zaki ikasimama. "Pandeni, Bi Radhiya! Mtoto ataungua na jua."

Bi Radhiya akaweka mguu ngazini, akasita. "Zaki, taa yako ya breki yawaka?"

"Wiki nzima ilinitia wazimu. Leo imejizima yenyewe," akacheka.

Lubna akamnyakua Maram, akamkumbatia.

"Shuka, Zaki," akasema. "Shuka kwanza, ufungue boneti."