Pale Gari Lilipomwacha

"Makochi hayatembei yenyewe, Mama Pascasie."

"Na mimba ya miezi saba njo inatembea yenyewe?"

Shefu Léopold aliinama, akavuta kamba juu ya kochi la tatu, akalifunga kwa fundo la mtu aliyezoea kufunga mafaili. Pascasie alilitazama fundo lile akajua halitafika hata Birere, kule mpakani. Injini ilikuwa inanguruma tangu walipoanza kubishana, na pua ya pikapu ilikuwa imeelekea geti, kama alivyofundishwa siku yake ya kwanza: gari la kazi haliegeshwi kichwa ndani.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Asubuhi alikuwa amempeleka Aurélie, mchanjaji wa shirika lao mwenye mimba ya miezi saba, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Alimshusha mbele ya hema la chanjo pamoja na sanduku lake la barafu, akamwambia kile ambacho kila shofere wa shirika humwambia anayemshusha: "Usitoke hapa. Nitakukuta hapa hapa, saa nane." Ndiyo sheria yao. Mtu anangojea pale gari lilipomwacha, ili asitafutwe kambi nzima.

Saa nne mabomu yakaanza kusikika upande wa Sake, mbele ya kambi. Saa sita Aurélie akapiga simu, sauti yake ndogo. "Mama Pascasie, watu wako nakimbia. Nitembee?" Naye Pascasie, kwa kiburi cha mtu ambaye hajachelewa hata mara moja kwa miaka kumi na mmoja, akamjibu, "Usitembee. Niko nakuya." Kisha mtandao ukakatika.

Hilo ndilo hakuweza kujisamehe. Kama angenyamaza tu, msichana yule angejiunga na wengine, na saa hii angekuwa mahali fulani njiani, miguu imevimba lakini yuko hai. Sasa amekaa kwenye benchi, amefumba mikono juu ya tumbo, anamngoja yeye.

"Ulisema safari ya pili njo ya mwisho," Pascasie alisema.

"Nilisema. Hii njo ya mwisho."

"Ya kwanza nilipeleka bibi yako na watoto ku mupaka, sikusema kitu. Watoto ni watoto. Ya pili nikapeleka masanduku. Sasa makochi. Kesho utaniambia nikuje kungoa milango?"

"Bibi yangu amesema nisivuke bila makochi."

"Basi kaa juu yake, umungoje."

Shefu alikaribia kucheka, lakini kule Sake kukapiga tena, mara mbili, na vioo vya bilo, ofisi yao, vikatetemeka. Akajipangusa shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga mwenye mhuri mkononi ni taabu kwa watu.

"Nisikilize, mama," alisema, sasa kwa sauti ya mikutano. "Barabara ya Mugunga imejaa. Askari wako nanyanganya magari. Gari likikamatwa, mimi njo nitaandika ripoti."

"Na Aurélie asiporudi, nani ataandika?"

"Atapata moto."

"Moto gani? Pikipiki zote zimebeba magodoro." Alionyesha geti kwa kidevu. Juu ya ukuta wa mawe meusi ya volkano vilionekana vichwa tu na mizigo: godoro, beseni, godoro, mbuzi begani mwa mtu, wote wakienda upande mmoja. "Na hata ikipatikana, utamupandisha mwanamuke wa miezi saba juu ya moto, kwa mawe ile? Weye ulizaa watoto wane. Ama ulikuwa unasoma gazeti?"

"Si ndugu yako, Pascasie. Ni mufanyakazi kama wengine."

"Ndugu yangu ningemuambia akimbie."

Shefu akafungua folda. Akaandika haraka juu ya karatasi ya misheni, kibali cha safari, akapiga mhuri, akamnyoshea kupitia dirishani. *Mupaka, Birere. Vifaa vya bilo.* "Bila karatasi hautoki. Unajua sheria."

Aliijua. Mwaka uliopita shofere mmoja alitoka na gari akalipeleka harusini, akasema shefu amemruhusu kwa mdomo. Tangu siku hiyo shefu alimwamuru sentineli, Muzee Mulumeoderhwa, asifungulie gari lolote bila karatasi. "Angalia sahihi, usiangalie uso," alimwambia, mbele ya wafanyakazi wote. Mzee alilichukua neno lile kama amri ya kanisa. Alikuwa akisoma kila karatasi kwa sauti, herufi kwa herufi, hata mvua ikinyesha.

Pascasie akapanda garini. Watoto wake wako Murara kwa dada yake. Asubuhi amewaachia unga na maji, na mkubwa anajua pa kwenda. Angeweza kupeleka makochi, kisha akashuka kwa mguu hadi kwao. Hakuna ambaye angemlaumu. Akashika usukani. Jua lilimpiga machoni. Akashusha kikinga jua.

Karatasi ikamwangukia mapajani.

Aliitazama kidogo, kama mtu aliyeokota barua ya zamani. Mwezi wa tano alikuwa amemtoa shefu katikati ya misa ya Jumapili kwa ajili ya sahihi, na shefu, kwa hasira, akasaini karatasi tatu tupu, akazipiga mhuri, akamwambia, "Utajaza mwenyewe. Usinisumbue tena." Mbili zilishatumika. Hii ndiyo ya tatu: sahihi yenye mkia mrefu, mhuri wa bluu, na mistari mitupu.

Akachukua kalamu ya bic nyuma ya sikio. Akaandika: *Mugunga. Kurudisha mufanyakazi.* Akaweka tarehe na saa.

Kisha akashuka, akaenda nyuma, akavuta kamba mara moja. Fundo likafunguka lote. Akashusha mlango wa nyuma, akalishika kochi la kwanza miguu, akalivuta mpaka likatua juu ya kokoto.

"Uko nafanya nini?" Shefu alikuja mbio.

"Ninapunguza muzigo. Shika upande ule, lisipasuke."

Na kwa sababu lilikuwa kochi la mke wake, akashika. Akashika la pili na la tatu pia, akilalamika muda wote, maana Pascasie hakumpa nafasi ya kuamua kama atashika au ataacha. Shefu alipogundua amelitoa la mwisho, Pascasie alikuwa tayari nyuma ya usukani na pikapu imefika getini.

Muzee Mulumeoderhwa akapokea karatasi. Akavaa miwani.

"Mu-gu-nga," alisoma. "Ku-ru-di-sha mu-fa-nya-ka-zi."

"Muzee, usifungue," shefu alisema, akihema. "Hiyo sikuandika mimi."

Mzee akageuza karatasi, akaitazama kwa karibu. "Sahihi ni ya nani, Shefu?"

Shefu Léopold akatazama mkia ule mrefu.

"Ni yangu, lakini…"

"Na kashe hii, muhuri ya bluu?"

"Muzee, nisikilize."

"Ulisema niangalie sahihi, nisiangalie uso," mzee alisema kwa upole. "Uso wako nimeuona."

Akavuta komeo. Pascasie hakungoja geti lifunguke lote. Alipita kioo cha pembeni kikikwaruza chuma. Kushoto ni Birere na mpaka. Watu wote walikuwa wakienda kushoto, wamejaza barabara ukuta kwa ukuta. Akawasha taa mchana, akaweka kiganja juu ya honi, akakata usukani kulia, kuelekea Mugunga.