Foleni ya Akina Mama

Jumatatu moja ya mwaka 1993, Théoneste, karani wa vitambulisho katika ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, aliinua kichwa kumhudumia Mukagasana, mshonaji jirani yake wa Nyakabanda aliyepoteza kitambulisho, akaona mama zake Mukagasana wote wamepanga foleni nyuma ya mwanamke huyo. Wa kwanza alikuwa mama mzazi, aliyekufa mwaka 1973. Kisha bibi, kisha mama wa bibi, hadi nje ya mlango na kuteremka barabara ya Nyabugogo. Théoneste aliwaomba wasizibe dirisha.

Kila mmoja alikuwa na herufi ndogo ndogo kwenye kiganja. Mwalimu Gratien wa biolojia, aliyekuja kupigiwa muhuri, alivaa miwani akazisoma. Alieleza kwamba hivyo ni vinasaba ambavyo mtu huvipata kwa mama peke yake. Hupitishwa na mabinti vikinakiliwa, na baada ya vizazi vingi herufi moja hukosewa. Kosa hilo halifutiki, hurithiwa.

Théoneste alilijua hilo bila kufundishwa. Alikuwa amenakili rejista miaka kumi na saba: nakala mbili zenye kosa lilelile zimetoka kwenye karatasi moja. Akageuka. Nyuma ya kiti chake mama zake mwenyewe nao walikuwa wamepanga foleni, wenye kosa lilelile. Wa tisa alikuwa yuleyule mmoja, kasimama kwenye foleni zote mbili, naye alionekana kuchoka.

Mukagasana alimwona pia.

"Kaka, bibi yetu iko moja," alisema polepole. "Futa ile Tutsi, uniachie ile ingine. Niko na watoto watatu."

Kwenye kadi makabila yote huwa yamechapwa, karani huyapiga mstari yasiyo ya mtu.

"Fomu inauliza kabila la baba," Théoneste alijibu. "La mama haiulizi."

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Kuhusu wino hawakusema kitu. Alichukua rula, akaikata Hutu na mengine, akaiacha Tutsi. Moyo ulimuuma hadi saa ya chai.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata walikutana kwenye kizuizi cha barabara, Mukagasana mbele, Théoneste nyuma yake. Mwenye panga aliisoma kadi ya Mukagasana. Kisha akamtambua yule bibi wa tisa, aliyesimama nyuma ya Mukagasana, maana alikuwa wake pia; akamwamkia kwa heshima, akamwomba asogee kando, panga lipite.

Théoneste aliutazama mstari wake kwenye kadi hiyo. Ulikuwa umenyooka.

Zamu yake ilipofika, alionyesha kadi yake, yenye Tutsi iliyokatwa, akapita.